Kabla ya Kisu, Vidole Viwili

Picha hizo huja kwenye simu kila jioni: upande mmoja tumbo limening'inia juu ya suruali, upande wa pili limenyooka, chini yake nambari ya kupiga. Hutoka Nairobi, Istanbul na miji ya India, na huwafikia wanawake wa kaunti ya Kwale, wa Ukunda na Diani, wa Msambweni na Lunga Lunga, bila kubagua mwenye hoteli na muuza viazi karai. Swali la kwanza wanaloulizana ni shilingi ngapi. La pili ni kama kovu litaonekana. Ni maswali ya haki, ila yametangulia zamu yao. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni tumbo lenyewe limetokezwa na nini, kwa sababu jibu la hilo ndilo linaloamua kama kuna haja ya kupasuliwa, kupasuliwa vipi, na wapi.

Tumbo hutokeza hasa kwa sababu nne, na mara nyingi mbili au tatu hukutana kwa mtu mmoja. Kuna ngozi iliyovutwa na mimba au unene ikakataa kurudi. Kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale yanayoshikika kwa mkono, ambayo watu huyaita nyama uzembe. Kuna misuli miwili mirefu inayoteremka kutoka mbavuni hadi kinenani, na ambayo mimba huitenganisha pande mbili. Na kuna mafuta ya ndani kabisa, yanayozunguka utumbo na ini. Haya hayashikiki, bali hulifanya tumbo liwe gumu na la mviringo hata pale ngozi yake ilipokaza vizuri. Kisu cha daktari wa kurekebisha tumbo hufika kwenye sababu tatu za kwanza. Ya nne hakiigusi kabisa.

Jambo hili lina uzito Pwani, ambako kisukari na shinikizo la damu vimekuwa maradhi ya kila mtaa. Wako wanaoamini kwamba mafuta yakishanyonywa tumboni, sukari nayo itashuka. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti wa Samuel Klein na wenzake nchini Marekani. Walichukua wanawake 15 wanene, baadhi yao wenye kisukari, wakawanyonya mafuta ya chini ya ngozi kiasi cha kilo 10 hivi kila mmoja. Wiki 10 hadi 12 baadaye walipimwa upya. Shinikizo la damu, sukari, mafuta kwenye damu, vyote vilikuwa palepale. Kilo 10 zimetoka mwilini na moyo haujapata faida yoyote iliyoweza kupimika. Mwenye kitambi cha ndani anahitaji kubadili chakula, kutembea, pengine dawa, na kwa wachache upasuaji wa kupunguza ukubwa wa mfuko wa chakula, ambao ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwa misuli, maana hapo ndipo wanawake wengi wa Kwale walipo bila kujua.

Mimba inapokua, utepe mgumu unaounganisha misuli miwili ya mbele ya tumbo hutanuka na kuwa mwembamba, misuli ikaachana. Si ugonjwa na si uzembe. Mtoto hana pengine pa kukaa. Watafiti wa Norway waliwafuatilia wanawake 300 waliozaa mara ya kwanza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016. Wiki 6 baada ya kujifungua, 60 katika kila 100 walikuwa na pengo hilo. Miezi 6 baada ya kujifungua walibaki 45. Mwaka ulipotimia, thuluthi moja hivi bado walikuwa nalo. Maana yake ni kwamba wengi hupona wenyewe kadiri miezi inavyokwenda, na kundi lisilo dogo hubaki na tumbo lililotuna kama la miezi minne ilhali uzito wao ni wa kawaida. Wa kundi hili huambiwa wanakula sana. Hujinyima wali, hukimbia ufukweni asubuhi, hufanya mazoezi ya kujiinua kutoka chali mara mia kwa siku, na tumbo haliendi popote. Baya zaidi, mazoezi hayo ya kujiinua kwa nguvu yanaweza kulisukuma zaidi pengo lenyewe.

Kulitambua hakuhitaji mashine. Mwanamke hulala chali, magoti yamekunjwa, kisha huinua kichwa na mabega kidogo huku vidole vikibonyeza juu na chini ya kitovu. Panapozama vidole viwili au zaidi kati ya kingo mbili ngumu, pengo lipo. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza huwaambia wanawake wake wamwone daktari endapo bado linaonekana wiki 8 baada ya kuzaa. Tiba ya kwanza ni mazoezi maalumu ya kuvuta tumbo ndani na kukaza misuli ya nyonga, chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa miezi kadhaa. Kisu huja baadaye, kwa wale ambao pengo lao ni pana, mgongo unauma, na mazoezi yameshafanywa kikweli.

Pwani ina tiba yake ya zamani kwa tumbo la mzazi. Katika siku za arubaini mkunga au nyanya humkanda mwanamke kwa maji ya moto, humpa uji wenye pilipili manga, kisha humfunga tumbo kwa kitambaa kirefu kiitwacho mkaja. Mkaja una heshima kubwa kiasi cha kutajwa katika posa: bwana harusi hutoa mkaja wa mama, shukrani kwa tumbo lililomzaa mkewe. Hakuna sababu ya kuidharau desturi hii. Kitambaa kilichofungwa kwa kiasi huushika mgongo, humpa mzazi nguvu ya kuinuka na kutembea, na mapumziko ya siku 40 yenyewe ni dawa ambayo hospitali nyingi hushindwa kuitoa. Lakini mkaja hauungi misuli iliyoachana, na ukikazwa kupita kiasi husukuma uzito wote chini kwenye nyonga ambazo nazo zimechoka. Aliyezaa kwa upasuaji, na mshono wake ukiwa mbichi, asifungwe kabla ya kumuuliza nesi.

Sasa upasuaji wenyewe.

Madaktari walianza kuukata mkunjo wa tumbo mwishoni mwa karne ya 19. Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore aliripoti kazi yake mwaka 1899, akiwaondolea wagonjwa mzigo wa ngozi na mafuta uliowazuia kutembea. Mbrazili Ivo Pitanguy ndiye aliyeufanya ujulikane duniani, alipochapisha mwaka 1967 uchambuzi wa wagonjwa 300 na kovu lililoshushwa chini hadi likafichika ndani ya nguo. Leo hufanywa zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka duniani. Kufanywa kwa wingi hakuufanyi uwe mdogo: ule ulio kamili huchukua saa 2 hadi 4, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Katika huo ulio kamili, daktari hukata chini, juu kidogo ya kinena, kutoka fupa la nyonga moja hadi la pili. Huinua ngozi na mafuta mpaka karibu na mbavu, kitovu kikiachwa kwenye shina lake. Kisha huishona misuli iliyoachana katikati, kuanzia chini ya kidari hadi kinenani, kama fundi anayerudisha mshono wa gauni lililofumuka. Ngozi huvutwa chini, ya ziada hukatwa, kitovu hutolewa kwenye tundu jipya. Mgonjwa huamka akiwa na mrija mmoja au miwili ya kutoa majimaji na mkanda mpana wa kubana. Siku za mwanzo hutembea ameinama. Huu humfaa mwanamke aliyemaliza kuzaa, mwenye uzito uliotulia kwa miezi 6 au zaidi, ngozi iliyolegea juu na chini ya kitovu, na misuli iliyotengana.

Ule mdogo hushughulika na sehemu ya chini ya kitovu tu. Kovu lake ni fupi na kitovu hakihamishwi. Ni wa mtu aliyebaki na mkunjo mdogo, labda juu ya kovu la kujifungua kwa upasuaji. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuununua huu kwa sababu ni rahisi, kisha mteja kulalamika kwamba tumbo la juu limebaki vilevile. Halikuguswa, lingebadilikaje?

Aliyepungua kilo nyingi, iwe kwa kujinyima, kwa upasuaji wa mfuko wa chakula au kwa hizi sindano mpya za kupunguza uzito, hubaki na ngozi inayoning'inia pande zote. Kwake kuna ule wenye kovu la pili la wima katikati ya tumbo, na ule unaozunguka kiuno mpaka mgongoni. Makovu ni marefu na kidonda ni kikubwa, kwa hiyo hatari nayo huongezeka. Kwa wengine lengo huwa ni kukata tu mkunjo ulioangukia mapajani bila kushona misuli. Huo wa mwisho watu huucheka kama urembo, lakini kwa mwanamke wa Pwani wakati wa kaskazi, jasho likikusanyika chini ya ngozi iliyolaliana na upele ukichubuka kila siku na kutoa harufu, ni tiba.

Kunyonya mafuta ni kazi nyingine. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye matundu madogo na kuyavuta mafuta ya chini ya ngozi. Humfaa mwenye ngozi bado inayorudi ikivutwa na misuli isiyoachana. Mwenye ngozi iliyolegea akinyonywa mafuta peke yake, mfuko utabaki, safari hii mtupu. Na hakuna njia yoyote kati ya hizi inayofuta michirizi yote. Inayokwenda ni ile iliyoko kwenye ngozi iliyokatwa.

Kisha kuna ngiri ya kitovu, ambayo hutokea utumbo au mafuta yanapopenya kwenye tundu la misuli. Ikibana ghafla, ikawa ngumu, ikauma na mgonjwa akatapika, ni dharura ya usiku huohuo. Kuna wanawake wanaochangisha pesa za upasuaji wa urembo kumbe walichonacho ni ngiri, maradhi yanayotibiwa na daktari wa upasuaji wa kawaida katika hospitali ya rufaa.

Wanawake wengi huuliza, na kwa nia njema, kama daktari anayemtoa mtoto kwa kisu hawezi kukaza tumbo papo hapo. Hapana. Kizazi bado kimevimba, ngozi bado imevutika na haijulikani itarudi kiasi gani, na mwili umetoka kupoteza damu. Isubiriwe miezi 6 hadi mwaka, kunyonyesha kukiwa kumekwisha. Anayetarajia mtoto mwingine naye angoje. Mimba baada ya kukazwa si hatari kwa mtoto, lakini inaweza kuivuta upya kazi yote iliyolipiwa.

Hatari za upasuaji huu hazitajwi kwenye picha za simu. Zilizo nyingi ni ndogo: majimaji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kuchelewa, ganzi inayodumu miezi. Kubwa kuliko zote ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni. Miongoni mwa upasuaji wa urembo, huu wa kukaza tumbo ni wa mbele kwa tatizo hilo, kwa sababu mgonjwa hulala muda mrefu, tumbo limebanwa na miguu haitembei. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza hatari, na wanawake wengi huvinunua dukani bila hata kufikiri kwamba ni jambo la kumwambia daktari. Sigara na shisha hunyima ngozi damu hadi kipande kizima kikafa. Daktari makini humtaka mtu aache angalau wiki 4 kabla, na humkatalia asiyeacha.

Kuna mambo ya kwetu ambayo kijitabu kilichoandikwa Ulaya hakitayataja. Pwani ya Kenya ni eneo la selimundu, na mtu anaweza kuwa na vinasaba vyake bila kuumwa hata siku moja. Daktari wa usingizi anapaswa kujua kabla hajamlaza. Malaria, minyoo na kichocho, ambacho watafiti wamekuwa wakikisoma Msambweni kwa miongo mingi, huacha watu na upungufu wa damu wanaouzoea kama uchovu wa kawaida. Kupasuliwa na damu pungufu ni kujitafutia kidonda kisichofunga. Na ngozi nyeusi huwa rahisi kutoa kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Mwenye kovu la aina hiyo sikioni alipotobolewa, au kifuani palipokuwa na chunusi, ameshapata onyo kuhusu kovu la urefu wa kiuno chote.

Mnamo Oktoba 2024 mfanyabiashara wa kike alifariki Nairobi siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki ya urembo. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, liliamuru kliniki ifungwe na uchunguzi ufanywe. Taifa zima lilizungumza kwa wiki mbili. Wengi walimlaumu marehemu kwa kutoridhika na mwili wake, na hapo mjadala ukapotea njia. Wenye kujibu ni walioshika kisu, waliotoa leseni na waliopaswa kukagua. Mgonjwa aliingia mlango uliokuwa wazi mchana kweupe.

Nje ya nchi hakuna kinga ya kujitokezea. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliripoti Januari 2024 kwamba raia 93 wa nchi hiyo walifariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022, na katika vifo vilivyochunguzwa kwa kina sababu kuu zilikuwa vipande vya mafuta na mabonge ya damu kuziba mishipa ya mapafu. Wengi wanaosafiri hivyo huifuata bei nafuu, wakapasuliwa wakiwa kwenye ratiba ya likizo. Msafiri wa Diani anayekwenda Uturuki kwa siku chache yumo kwenye hesabu ileile. Ushauri wa kawaida Uingereza ni kutopanda ndege kwa angalau siku 7 hadi 10 baada ya kukazwa tumbo, na hiyo ni kwa mgonjwa ambaye kila kitu kimekwenda sawa.

Wala si lazima ndege. Madaktari bingwa wengi wa fani hii wako Nairobi, na kutoka Mombasa mpaka huko ni karibu kilomita 480. Mgonjwa anayerudi kwa basi la usiku, miguu imekunjwa chini ya kiti kwa saa nane au tisa, kisha akavuka Likoni au kuzunguka Dongo Kundu ili afike Msambweni, anayatafuta yale mabonge kwa mikono yake. Afadhali apange wiki mbili za kukaa karibu na aliyempasua. Hizo nazo zina kodi, chakula na mtu wa kumsaidia kuamka, gharama ambazo tangazo halizihesabu. Bima kwa kawaida hazilipii upasuaji wa urembo. Gharama yote, ambayo ni mamia ya maelfu ya shilingi, hutoka mfukoni, na ikitokea shida ya kulazwa chumba cha mahututi huongezeka kwa siku chache tu.

Kwa wiki 6 baada ya kupasuliwa mwanamke hapaswi kuinua kitu kizito. Maneno hayo husemwa haraka katika chumba cha daktari mjini. Kule Kinango, Samburu au Kasemeni, ambako mtungi wa lita 20 huchotwa mbali na kubebwa kichwani kila siku, ni sharti linalohitaji kikao cha familia. Nani atachota? Nani atambeba mtoto wa mwaka mmoja mgongoni? Misuli iliyoshonwa ikifumuka kwa sababu ya mtungi, hakuna atakayerudisha pesa. Daktari asiyeuliza kuhusu maji, kuni na watoto hajamaliza kumpima mgonjwa wake.

Kuhusu leseni, Kenya ina chombo kizuri ambacho watu hawakitumii. Daftari la KMPDC liko wazi kwenye intaneti, na yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la daktari na la kituo. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha mwaka juzi ukutani hakina maana. Kinachotafutwa si neno daktari peke yake, ila ubingwa wa upasuaji wa plastiki na urekebishaji. Kusugua ngozi saluni, sindano za kujaza midomo na cheti cha kozi fupi havimfanyi mtu astahili kufungua tumbo. Atajwe pia kwa jina daktari wa usingizi atakayekuwepo, na hospitali itakayompokea mgonjwa hali ikiharibika. Anayekasirishwa na maswali hayo aachwe.

Fani hii ina asili ya heshima katika Afrika Mashariki. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika lililokuja kuwa AMREF na ndege zake za madaktari. McIndoe alijulikana kwa kuwarekebisha marubani walioungua wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Rees alikuwa na wateja wake New York. Waliona kwamba mikono inayokaza uso wa tajiri ndiyo iliyoweza kushona mdomo wa sungura wa mtoto wa kijijini na kuachanisha shingo iliyogandamana kwa moto. Tanzania imelifuata wazo hilo kwa namna yake: mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza upasuaji rekebishi ukiwemo wa tumbo, ndani ya hospitali ya umma yenye chumba cha mahututi, ambako pia kuna huduma ya puto linalowekwa tumboni kwa wenye uzito uliopitiliza. Wapo waliohoji kwa nini hospitali ya serikali ishughulike na urembo. Jibu ni kwamba wanawake watapasuliwa kwa hali yoyote ile, na heri iwe mahali penye damu ya akiba, madaktari wa kila fani na mtu wa kuwajibika kuliko ghorofa ya pili ya jengo la maduka.

Kwale, kaunti ya watu 866,820 kwa hesabu ya mwaka 2019, wengi wao Waislamu, swali la dini haliepukiki, na si haki kulikwepa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 na kupitisha azimio kuhusu upasuaji wa urembo. Lilitofautisha kati ya kuondoa kasoro na madhara, jambo linaloruhusiwa kwa masharti, na kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio. Upunguzaji wa uzito kwa upasuaji liliufungamanisha na hali ya ugonjwa na kutokuwepo njia nyingine. Misuli iliyoachana inayoumiza mgongo, ngiri, mkunjo wenye vidonda: haya mwanamke anaweza kuyapeleka kwa shekhe wake bila haya, akiwa na maneno ya daktari mkononi. Tatizo ni kwamba wengi hawana maneno hayo, kwa kuwa hawajawahi kupimwa.

Tena wako wanaokwenda kwa kusukumwa. Mume ametoa neno kuhusu tumbo. Wifi amecheka harusini. Kuna tetesi za mke wa pili. Daktari mwema humwona mwanamke peke yake na kumuuliza anayetaka ni nani. Mwili uliobeba mimba nne hauna deni kwa mtu. Na yule ambaye amepima, amefikiri, ana uwezo na anataka kwa ajili yake mwenyewe, halazimiki kutoa maelezo kwa jirani wala kwa mtandao. Kumcheka ndiko kunakomfanya aende kwa siri, na aendaye kwa siri huwa hana wa kumpigia simu homa inapopanda usiku wa tatu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii si ya madaktari wa urembo hata kidogo. Ni ya zahanati. Mama wa Kwale huwa tayari kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kitabu cha mama na mtoto mkononi, kwa ajili ya chanjo. Mtoto hupimwa uzito, hudungwa, huandikiwa. Mama hukaa benchi. Katika moja ya ziara hizo, nesi anaweza kumlaza, kumwambia ainue kichwa, na kubonyeza vidole viwili kwenye kitovu. Serikali ya kaunti iamuru hili lifanywe, iwape wauguzi mafunzo ya siku moja, na iweke katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni siku moja ya wiki ambayo mtaalamu wa tiba ya viungo anawaona wazazi tu. Mwenye pengo dogo afundishwe mazoezi na arudi miezi 3 baadaye. Mwenye ngiri apelekwe kwa daktari wa upasuaji palepale Msambweni. Mwenye tumbo gumu apimwe sukari na presha siku hiyohiyo. Na yule ambaye mwaka umepita, mazoezi ameyafanya na pengo bado ni la vidole vinne, apewe barua ya rufaa iliyoandikwa upana wa pengo, kiwango cha damu na majibu ya selimundu, ili atakapoketi mbele ya daktari bingwa Mombasa au Nairobi aulizwe yanayomhusu, na akatae asiyoyahitaji.